Ticha Yohanes Ametangazwa Kanisani

“Noela, simama. Tumia *wait* kwenye sentensi.”

Noela alisimama, akakaza kanga kiunoni, akamtazama mwalimu wake machoni bila kupepesa.

“*I am waiting for you, ticha.*”

Darasa likalipuka kwa vicheko. Darasa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la ushirika pale Bombambili, Songea. Harufu ya tumbaku ilikuwa bado ukutani, lakini magunia yalikwisha na mahali pake yaliingia mabenchi. Zilikuwa zile zama za ruksa. Wafanyabiashara walikuwa wanafungua ofisi zao wenyewe, na kila ofisi ilitaka mtu wa kuitikia simu ya mgeni bila kutetemeka. Basi kila jioni watu wazima walikuja pale kutafuta Kiingereza kama watu wanaotafuta chumvi.

“Hiyo *for* msiisahau,” alisema Ticha Yohanes, akijifanya hajasikia vicheko. “Ukimsubiri mtu, ukisubiri basi, lazima *for* iwepo. *Noela is waiting for the bus.*”

“Ticha, yeye kasema anakusubiri wewe. Hilo basi umelitoa wapi?”

Huyo alikuwa Mwanaisha, Myao wa Tunduru, muuza korosho za kukaanga na rafiki wa Noela wa kufa na kuzikana. Ulimi wake haukuwa na breki, na hakuwahi kuutafutia fundi.

“Tuendelee,” alisema Yohanes. “Yako maneno mengine ya kusubiri. *Await*, hili limevaa suti. La barua za ofisini: *We await your reply.* Halina haja ya *for*. *Hold on* ni la kwenye simu, yaani subiri kidogo, usikate. Na *expect* ni kusubiri kitu unachojua kitakuja. Kama mvua ya Desemba.”

“Na ile ya kusubiri mpaka mvi zinaota, Waingereza wanaiitaje?”

“Mwanaisha, kaa chini.”

“Mimi nimekaa, ticha. Lililosimama ni swali.”

Hata Yohanes alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri yule kijana, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia. Kicheko kile kilikuwa kimemweka Noela kwenye uchumba ambao umri wake ungetosha kuandikishwa chekechea. Mshenga, Mzee Otto, alishabisha hodi. Kishika uchumba kilishatolewa: blanketi na doti ya kitenge cha wax ambacho mama yake Noela alikivaa kila sherehe, akijigeuza ili watu waone na mgongoni. Kilichobaki ni kutangazwa kanisani. Na kutangazwa huko kila kukikaribia kulipata sababu ya kuahirishwa. Mara mavuno, mara msiba, mara Kwaresima.

Baada ya kipindi, Yohanes alikokota baiskeli yake, Noela akitembea kando.

“Yohanes, nina habari. Mjomba wake Mwanaisha, Mzee Muhsini wa Tunduru, ananunua korosho mwenyewe sasa. Anataka karani wa kuongea na wanunuzi wa nje. Alinipima Kiingereza changu juzi, kanikubali.”

“Tunduru?” Yohanes alisimama. “Kwa ile barabara? Sasa nimuoe nani, wewe au vumbi lako?”

“Ni kazi, Yohanes. Nimemaliza kidato cha nne, na mpaka leo nashona sare za watoto barazani kwa watu.”

“Najua. Lakini subiri kidogo, mpenzi. Jumapili hii sipo, naenda Lusewa, mjomba anaumwa. Jumapili inayofuata Mzee Otto anakuja kwenu, tunapanga, tunatangazwa. Ukienda Tunduru sasa, Padri atamtangaza nani? Kivuli chako?”

Alimshika mkono. Noela akayeyuka kama mafuta ya nazi mwezi wa kumi.

Jioni ile ile alimpelekea Mwanaisha jibu.

“Mwambie mjomba wako ahsante. Siendi.”

Mwanaisha aliacha kufunga korosho kwenye karatasi. “Yohanes kasema usubiri?”

“Kasema Jumapili ijayo tunapanga.”

“Astaghfirullah. Haya. Lori la mjomba linatoka Jumanne mchana. Akifika Tunduru bila wewe, anamchukua binti wa jirani, ndivyo alivyosema. Mimi naenda nalo kuwaona wazazi. Ukibadilisha nia, nipo.”

“Sibadilishi.”

“Sawa. Chukua korosho, utafune ukisubiri.”

*

Jumapili kanisa lilijaa. Noela alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Baada ya Komunyo katekista alisimama na kukohoa kidogo.

“Matangazo ya ndoa. Tangazo la kwanza. Yohanes Gama, wa hapa Bombambili, anakusudia kufunga ndoa na…”

Kwaya nzima iligeuka kumtazama Noela. Mama mmoja alimfinya kiunoni. “We mtoto! Umetuficha!”

Mapigo ya moyo yalimpanda Noela mpaka masikioni. Kumbe! Kumbe Yohanes alitaka kumshtukiza! Akatabasamu, tabasamu la meno yote.

“…na Adela Luambano, wa Lusewa. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone Padri.”

Lile tabasamu lilibaki usoni pake kama nguo iliyosahauliwa kambani mvua ikinyesha. Alitaka kulianua, mikono haikufika.

Upande wa akina mama, mtu alisimama.

“Katekista! Rudia hapo!”

Alikuwa mama yake, ndani ya kile kitenge.

“Mama, tuko kwenye Misa.”

“Nimekuuliza, nimesikia vibaya?”

“Umesikia sawasawa, mama. Kaa.”

Mama hakukaa. Akatoka nje, na kitenge chake cha wax kikaonekana vizuri mgongoni na kanisa zima.

Wimbo wa kutokea ulikuwa wa Noela kuuanzisha. Watu walidhani hataweza. Aliuanzisha. Wenzake ndio walioshindwa kuitikia.

Nje, mama alikuwa amemkaba katekista kwa maswali.

“Huyu ni mchumba wa mwanangu! Posa yake ipo kwangu! Mmelitoa wapi jina la huyo Adela?”

“Kwa paroko wa kule, mama. Ndoa itafungwa Lusewa, lakini bwana harusi anatangazwa pia kwenye kanisa la kwao. Ndivyo ilivyo siku zote.”

“Na yeye Yohanes alijua kuwa mtasoma?”

Katekista akapangusa jasho. “Mama, kijana mwenyewe Jumapili tunamuona lini? Angejulia wapi?”

Njia nzima ya kurudi nyumbani Noela alitangulia mbele. Mama ndiye aliyesema.

“Kesho tunakwenda kwa Padri. Tunaweka kizuizi. Posa ipo, mshenga yupo, kitenge kipo. Ndoa hiyo haifungwi! Atarudi hapa kwa magoti, na wewe atakuoa.”

“Mama.”

“Nini?”

“Niache nimuulize mwenyewe kwanza.”

*

Jumatatu jioni Yohanes aliingia darasani akipiga mluzi, viatu vyekundu kwa vumbi la Lusewa. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Darasa lilikuwa kimya kama matangani.

“*Good evening, class!* Mbona hivi? Kuna msiba?”

“Marehemu hajajijua, ticha,” alisema Mwanaisha. “Endelea kufundisha.”

Yohanes alicheka kidogo, akachukua chaki. “Haya. Ijumaa tuliishia kwenye *expect*. Nani atanipa mfano?”

Kabla mtu hajainua mkono, mlangoni kukasikika, “Hodi hapa!”

Alisimama msichana mrefu, uso mchangamfu, mkononi kafungasha vitambaa vipya vya dukani.

“Karibu, dada,” alisema Mwanaisha. “Unamtafuta nani?”

“Mwenye darasa lake. Kaniacha kwa shangazi yake kule Mfaranyaki kuanzia mchana, nikachoka. Nikasema ngoja nije nimuone mchumba wangu anavyofundisha.” Akacheka kwa haya. “Msinijali, nitakaa huku nyuma.”

“Jina lako nani, dada?”

“Adela. Natoka Lusewa.”

Yohanes aligeuka ghafla, akaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Noela akasimama.

“Ticha, nina swali.”

“Noela, *not now. Class, let us…*”

“Kwa Kiswahili, ticha. Leo nataka kila mtu aelewe.”

“*This is private, Noela. We can discuss…*”

“Jana wamesoma kanisani kwa kipaza sauti. Siri imebaki wapi?”

“Kanisani? Kanisa gani?”

“Hapa hapa Bombambili. Tangazo la kwanza.”

Chaki ilisimama hewani. “Walisoma na *huku*?”

Mwanaisha akapiga kofi gotini. “Haya, mshitakiwa kakiri. Hakimu apewe maji.”

Adela alikuwa bado amesimama, vitambaa kifuani.

“Yohanes, ‘walisoma na huku’ maana yake nini? Wewe ulitaka wasisome?”

“Adela, kaa tu, nitakueleza.”

“Na huyu dada ni nani kwako?”

Yohanes akamtazama Noela. Akamtazama Adela. Jibu lilipotoka lilikuwa jepesi kama pumba.

“Ni mwanafunzi wangu.”

Noela alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina usiku kucha. Huo hakuuwazia. Akashika benchi.

“Mwanafunzi,” alisema. “Sawa. Basi mwanafunzi wako ana blanketi lako la kishika uchumba, analala nalo. Mama wa mwanafunzi wako jana kaingia kanisani na kitenge chako. Shati ulilovaa sasa hivi kakushonea mwanafunzi wako. Ijumaa mwanafunzi wako kakataa kazi kwa sababu ulimwambia asubiri. Kwa nini, Yohanes? Kama ulikuwa na mwenzangu, si ungeniacha niende?”

“Noela, haikuwa rahisi…”

“Kwa nini ulinishika?”

Yohanes alijifuta uso kwa kiganja, akabaki na unga wa chaki kwenye nyusi.

“Baba yake Adela alikuwa hajakubali. Ana mashine ya kusaga, ana shamba, anachagua mkwe. Mara anataka, mara hataki. Nami sikuwa na uhakika. Kama Lusewa wangekataa…”

“Maliza.”

“…wewe ungekuwepo.”

Nje baiskeli ilipita, kengele yake ikalia.

“Kumbe mimi mahindi ya darini,” Noela alisema polepole. “Nakumbukwa shamba likigoma.”

Adela alitoka pale aliposimama, akaja mbele mpaka kwa Noela. Watu walisogeza miguu, wengine wakitarajia kofi.

“Dada,” alisema, “naapa kwa Mungu, sikujua. Aliniambia Songea hana hata rafiki wa kike.”

“Nakuamini. Mimi aliniambia Lusewa ana mjomba mgonjwa.”

“Mjomba gani? Jana alikuwa kwetu, anakula kuku!”

Darasa likashindwa kujizuia, vicheko vikapasuka, na katikati yake Noela alijikuta anacheka pia huku machozi yanamtoka. Adela akamgeukia Yohanes.

“Vitambaa hivi nitashonea mashuka. Asubuhi nakwenda kwa Padri mwenyewe, lisisomwe tangazo la pili. Na baba usimwendee. Nitamweleza mimi, kwako atakuja na panga.”

*

Jumanne asubuhi, Noela akiwa anaosha vyombo uani, alisikia hodi. Alikuwa Mzee Otto na fimbo yake, na nyuma yake Yohanes, macho mekundu.

“Shikamoo, mzee,” alisema Noela.

“Marahaba, mwanangu. Mama yupo?”

Mama alitoka mbio, mikono ina unga. Alipomuona Yohanes, uso ulimkunjuka kabla hajakumbuka kuukunja.

“Karibuni, karibuni ndani! Noela, lete viti!”

Noela alikiona kile kitu usoni kwa mama yake. Ilikuwa furaha. Kilimchoma kuliko tangazo la Jumapili.

Walipokaa, Yohanes aliteremka kwenye kiti akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

“Mama, nimekosa. Noela, nimekosa. Yule binti amekwenda kwa Padri, yamekwisha. Mimi sasa niko huru. Nimeshamuona katekista. Mkikubali, Jumapili hii tunatangazwa, mimi na Noela. Jumapili hii hii.”

“Mnaona!” Mama alipiga vigelegele vya nusu, akavimeza. “Nilisema atarudi kwa magoti. Noela, umesikia?”

Noela alisikia. Lazima nikwambie ukweli, msomaji, maana moyo hauna aibu: ulimruka. Hilo ndilo neno alilokuwa akilisubiri miaka yote ile, na lilikuwa limekuja, liko sakafuni pale, limevaa shati alilolishona kwa mikono yake. Angeweza kusema ndiyo. Wiki moja watu wangesema, ya pili wangeimba, na harusi ingefunika yote.

“Yohanes,” alisema, “nikuulize kitu kimoja.”

“Uliza chochote, mpenzi.”

“Kama Adela asingekuja darasani jana, saa hizi ungekuwa wapi?”

“Noela, binadamu hukosea…”

“Sijauliza binadamu. Nimeuliza wewe ungekuwa wapi.”

Yohanes akainamisha kichwa. Mzee Otto akagonga fimbo chini.

“Jibu, bwana mdogo. Hata mimi nataka kujua. Mimi ndiye niliyebeba neno lako kuja nyumba hii, na Lusewa ukatuma mshenga mwingine, mimi nisijue. Jibu!”

“Sokoni,” Yohanes alisema kwa sauti ya mgonjwa. “Tulikuwa twende tukanunue viatu vya harusi.”

Mama, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta.

“Ahsante kwa ukweli,” alisema Noela. “Ndiyo zawadi yangu ya kwanza kutoka kwako isiyo na ahadi ndani. Mzee Otto, jibu langu ni hapana. Ulirudishe neno lao.”

“Noela!” Yohanes alimshika pindo la kanga. “Umenisubiri miaka yote hii, leo nimekuja, ndiyo unakataa?”

“Nilikuwa namsubiri mtu mwingine. Nilidhani ni wewe.”

Aliichomoa kanga yake, pole pole, kidole kwa kidole.

Kisha mama akajifunua kile kitenge begani, akaanza kukikunja huku midomo inamcheza.

“Basi mzee, chukua na vitu vyao. Desturi ni desturi. Mwanamke akikataa, kishika uchumba kinarudi.”

“Ngoja, mama,” alisema Mzee Otto. “Desturi isomwe yote. Mwanamume akivunja yeye, hakirudi. Nani amevunja hapa? Binti huyu kasema hapana leo asubuhi. Huyu kijana alitangazwa na mwingine juzi, mbele ya Mungu na kwaya. Aliyetangulia kuvunja anajulikana.” Akasimama. “Kitenge kivae, mama, umelipia kwa aibu. Wewe, inuka tuondoke. Na ukitafuta mke wa tatu, mimi usinigongee mlango.”

Walipotoka, mama alifunika uso kwa mikono yenye unga.

“Nilishawaambia watu wote, Noela. Soko zima. Nilikwisha kuhesabu hata wapishi.”

Noela akachuchumaa miguuni pake. “Leo ungenifungia ndoa na mtu aliyeniita mwanafunzi jana, mama.”

“Niliogopa. Umri unakwenda. Niliona bora huyo kuliko kukosa.”

“Nilikuona ulivyofurahi.”

“Najua uliniona.” Mama alimvuta, akamlaza kichwa mapajani kama mtoto. Hakuomba msamaha kwa maneno. Hawakuwa watu wa hivyo. Baada ya kitambo akauliza, “Hilo lori la Mwislamu, la ile kazi uliyoikataa, linatoka saa ngapi?”

“Mchana.”

“Na umekaa hapa unafanya nini? Nguo zako nani atafunga?”

*

Lori lilikuwa linanguruma karibu na soko, limejaa magunia matupu na mabati. Mzee Muhsini, kofia kichwani, alikuwa anakagua turubai.

“Shikamoo, mzee. Ile nafasi…”

“Marahaba. Nafasi ipo mpaka gari liondoke, ndivyo nilivyosema. Gari limeondoka?”

“Bado, mzee.”

“Basi panda, mama. Maelezo tutayapata njiani, inshallah, safari ni ndefu na redio imeharibika.”

Mwanaisha alimpa mkono kutoka juu, akamvuta, wakakaa juu ya magunia. Chini, mama alikuwa amesimama na kitenge chake, mkono kinywani.

“Nikiulizwa kanisani niseme nini?” alipaza sauti.

“Sema nimepata kazi!”

“Na nikiulizwa habari za harusi?”

Noela alifungua kinywa ajibu. Lori lilishtuka, likaanza kwenda. Hapo ndipo lilipomshika Noela lile alilolizuia tangu Jumapili: kwaya ilivyomgeukia, tabasamu lake la meno yote, neno “mwanafunzi”. Mabega yakaanza kumtetemeka.

Mwanaisha hakumwambia anyamaze. Alimfunika kichwa kwa ushungi wake, akamkumbatia upande mmoja.

“Lia, shoga yangu,” alisema. “Ila lia upesi upesi, umalize kabla ya Namtumbo. Kule kuna vumbi, na wewe utafika kwa mwajiri una tope usoni.”

Noela akacheka katikati ya kwikwi, akapenga kamasi kwenye kanga, akaendelea kulia. Lori lilikuwa halijafika hata nje ya mji. Muda alikuwa nao.